Mpande: gamba la konokono mwenye sumu lililokaa kifuani mwa wafalme

Kuna kitu cheupe, cha mviringo, kinachoenea katika kiganja cha mtu mzima. Kimetobolewa ili uzi upite. Upande mmoja unaonekana mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama kamba iliyokunjwa. Watabwa wa upande wa Moba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, walikiita mpande. Zamani hakikuvaliwa na kila mtu. Kilikuwa alama ya mtawala, na mtu akikiona shingoni au kifuani mwa mwenzake alijua yuko mbele ya nani.

Kijana wa leo akikiona siku ya sherehe ya jadi anaweza kudhani ni mfupa, au ni kipande cha pembe ya ndovu. Si mfupa wala pembe. Ni sehemu ya gamba la konokono wa Bahari ya Hindi. Kutoka Moba mpaka bahari hiyo, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 1,000. Tena konokono mwenyewe si mnyama wa kuchezea. Ni mwindaji mwenye sumu, na baadhi ya ndugu zake wamekwisha kuua watu.

Wazee wengi waliovaa gamba hilo hawakuwahi kuiona bahari, wala mnyama aliyekaa ndani ya gamba. Waliona weupe wake, ugumu wake na shida ya kulipata. Historia ya kitu hiki kidogo inapita katika makaburi ya kale, misafara ya biashara, soko la watumwa na ufalme wa Msiri. Inaishia mahali ambapo hakuna mtawala aliyepafikiria: kwenye chumba cha mgonjwa anayelia kwa maumivu.

Mnyama mwenyewe

Wataalamu wanamwita Conus, kwa sababu gamba lake lina umbo la koni: pana juu, jembamba chini. Kuna zaidi ya aina 700 za konokono hao, na wengi wao wanaishi katika bahari za joto. Magamba makubwa yaliyofaa kutengenezea mpande yalitoka hasa kwa aina mbili zinazofanana sana. Moja ni Conus litteratus, aliyepewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1758 kwa sababu madoa yake yamepangwa kama mistari ya herufi. Ya pili ni Conus leopardus, maana yake konokono chui.

Jina hilo la chui linafaa kukumbukwa. Katika sehemu nyingi za Kongo ngozi ya chui ni vazi la mtawala. Basi mtawala aliyevaa ngozi ya chui na mpande alikuwa amevaa chui wawili, mmoja wa msituni na mwingine wa baharini, na huyu wa pili hakumjua. Fundi alikata sehemu ya juu ya gamba, ile iliyo pana, akaisugua mpaka ikawa laini na nyeupe. Madoa yaliondoka. Umbo la koni nalo liliondoka. Kilichobaki ni kisahani chenye mzunguko, na hakuna mtu wa bara ambaye angeweza kukiangalia na kusema ni mnyama gani.

Konokono huyu hutembea polepole kama konokono wote, na mara nyingi huwinda usiku. Anawezaje mnyama wa polepole kukamata mnyama mwepesi? Silaha yake ni jino. Mdomoni ana meno membamba, yenye uwazi ndani, yanayofanana na mkuki mdogo wenye ndoana. Jino moja hupelekwa kwenye ncha ya mrija mrefu wa mdomo, linajazwa sumu, kisha linarushwa mwilini mwa mnyama anayewindwa. Kila jino linatumika mara moja tu, na lingine linachukua nafasi yake. Aina nyingi, wakiwemo hao wawili wa mpande, wanakula minyoo ya baharini. Wengine wanakula konokono wenzao. Wachache wanakula samaki, na hao ndio wa hatari zaidi kwa binadamu.

Jambo moja lieleweke, ili wenye mpande nyumbani wasiogope: sumu haikai katika gamba. Inatengenezwa ndani ya mwili wa mnyama akiwa hai. Gamba kavu halimdhuru mtu.

Magamba matatu yasiyofaa kuchanganywa

Katika hadithi za Kongo kuna magamba matatu ya bahari, na mara nyingi watu huyachanganya.

La kwanza ni nzimbu. Ni gamba dogo lililookotwa katika kisiwa cha Luanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, na lilikuwa pesa ya ufalme wa Kongo. Mfalme wa Kongo ndiye aliyelisimamia. La pili ni simbi, lile dogo lenye mdomo wa meno-meno, linaloshonwa kwenye kofia, mikanda na vinyago. Simbi nyingi zilitoka Bahari ya Hindi, na zilihesabiwa kwa mamia na maelfu.

La tatu ndilo mpande. Hili halikuhesabiwa kwa maelfu. Lilihesabiwa moja-moja. Mtu aliweza kuwa na mfuko wa simbi na bado akabaki mtu wa kawaida, lakini mpande mmoja tu ulitosha kumtenga mtu na wengine. Kutoka Katanga mpaka Zambia watu wa lugha mbalimbali waliuita mpande au impande. Washona wa Zimbabwe waliuita ndoro. Majina yalibadilika, heshima ilikuwa ileile.

Makaburi yanayosema

Mara nyingi inasemwa kwamba bara la Afrika ya kati halikujua bahari mpaka misafara ya karne ya 19 ilipofika. Makaburi yanasema kingine.

Mwaka 1957 na 1958, wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambalo leo liko katika jimbo la Haut-Lomami. Walikuta vyungu vizuri vya udongo, mapambo ya shaba, vitu vya chuma na pembe. Baadhi ya makaburi hayo yana karibu miaka 1,000. Ndani yake zilikuwemo pia simbi za bahari. Kwa hiyo zamani hizo, kabla Mreno wa kwanza hajafika pwani ya Kongo, kitu cha baharini kilikuwa kimekwisha kufika Upemba. Hakuna anayepaswa kufikiri kwamba mtu mmoja alikibeba safari yote. Kilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, kikibadilishwa na chumvi, samaki wakavu, chuma na shaba.

Kwa upande wa konokono wa mpande, ushahidi mzuri ulipatikana mwaka 1960 nchini Zambia, kando ya mto Zambezi, mahali panapoitwa Ingombe Ilede. Jina hilo maana yake ni ng'ombe aliyelala, kwa sababu ya mbuyu ulioinama mahali hapo. Mafundi walikuwa wakichimba msingi wa matangi ya maji, wakakuta mifupa ya watu. Watu hao walizikwa karibu miaka 500 iliyopita wakiwa wamevaa dhahabu, shanga za kioo, bangili za shaba na magamba ya Conus. Gamba mojawapo lilikuwa limewekewa bamba la dhahabu kwa nyuma. Kando yao kulikuwa na vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, aina ya vitu ambavyo watu wa Katanga pia wanavijua vizuri, kwa kuwa misalaba ya shaba ilitumika huko kama pesa kwa muda mrefu.

Mtu aliyezikwa hivyo hakuwa maskini. Aliyemzika naye alitaka ijulikane. Dhahabu iliwekwa nyuma, na gamba likawekwa mbele. Kati ya vitu viwili hivyo, kilichopaswa kuonekana ni gamba.

Mawili kwa mtu mmoja

Mwezi wa 1 mwaka 1854, Mskoti David Livingstone alikuwa akisafiri kuelekea Luanda. Alipita kwa Shinte, mtawala wa Walunda wa upande ambao leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia, si mbali na mipaka ya Angola na Kongo. Walunda hao walikuwa na uhusiano na ufalme mkubwa wa Mwata Yamvo, ambao makao yake yako katika ardhi ya Kongo.

Livingstone aliandika alichokiona katika kitabu chake cha mwaka 1857. Kabla ya kuagana, Shinte aliingia katika hema lake dogo na kuangalia kwa hamu vitu vya mgeni: kioo, saa, vitabu, kitana. Kisha akafunga hema ili watu wake wasimwone. Akatoa kutoka ndani ya nguo zake uzi wa shanga na kipande cha gamba la koni, akamvika Livingstone shingoni kuwa ushahidi wa urafiki wao. Mtawala alificha tendo hilo kwa sababu zawadi ilikuwa kubwa mno kupewa mgeni.

Nje ya hema, watu waliofuatana na Livingstone walimweleza bei. Magamba mawili ya aina hiyo yaliweza kununua mtumwa. Magamba matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10 za Uingereza.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa polepole. Magamba matano kwa pembe moja, magamba mawili kwa mtu mmoja. Maana yake mtu mzima, mwenye jina na mama yake, alikuwa na bei isiyofika nusu ya pembe ya ndovu. Na gamba lenyewe, huko pwani, liliweza kuokotwa na mtoto wakati maji yamekupwa.

Hapo ndipo heshima ya mpande inapoonyesha upande wake wa pili. Gamba halikuwa na kosa. Konokono hakuomba kukatwa. Lakini kitu kikiwa adimu, na wakubwa wakikitaka sana, wako watu watakaotoa chochote ili wakipate, hata mtoto wa jirani. Familia zilizofukuzwa vijijini mwao kwa sababu ya madini ya leo hazihitaji kuelezwa sana jambo hilo. Kitu kinachomfukuza mtu kwake kinaweza kuwa kidogo kiasi cha kuingia mfukoni.

Njia ya Ujiji na ufalme wa Bunkeya

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na mashua, kisha ikaelekea Kasongo na Nyangwe katika Maniema. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kwenda bara walibeba nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na vitu vya baharini. Kurudi pwani misafara ilibeba pembe, na iliongoza watu waliofungwa minyororo. Kiswahili kinachosikika leo sokoni Kalemie, Uvira na Kindu kilipita sehemu kubwa ya njia hiyohiyo.

Vijiji vilivyokuwa kando ya njia vilijifunza kukimbia. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, Livingstone, aliyekuwa sasa amezeeka na kuishiwa nguvu, aliona soko la Nyangwe likishambuliwa na watu wa wafanyabiashara wa pwani. Mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula, waliuawa kwa risasi au walizama mtoni wakijaribu kujiokoa.

Kusini zaidi, Msiri alikuwa amejenga ufalme wake. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akafuata njia ya shaba ambayo baba yake aliijua. Makao yake yakawa Bunkeya, Katanga. Watu wake wakaitwa Wayeke. Kutoka Bunkeya shaba, pembe na watumwa walipelekwa pande mbili: magharibi mpaka Benguela kwenye Atlantiki, na mashariki mpaka pwani inayotazama Zanzibar. Mji huo wa bara ulishika bahari mbili kwa mikono miwili.

Huko nako gamba la koni lilikuwa alama ya utawala. Wanyamwezi walilijua tangu kwao, kwa kuwa watawala wao walilivaa. Wenyeji wa Katanga nao walikuwa nalo kabla ya Wayeke kufika. Hivyo mgeni na mwenyeji, ambao hawakuwa na lugha moja wala babu mmoja, walielewana juu ya maana ya kisahani kimoja cheupe. Jambo hilo lilimsaidia mgeni kutawala: hakuhitaji kuwafundisha watu alama mpya.

Lakini alama haizuii risasi. Mwaka 1891 msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ukiongozwa na William Stairs, ulifika Bunkeya ukitokea pwani ya mashariki. Msiri alikataa kupokea bendera ya Leopold. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka huo, afisa wa msafara huo, Omer Bodson, alimpiga risasi na kumuua. Bodson naye alipigwa na watu wa Msiri akafa. Katanga ikaingia mikononi mwa mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Wayeke hawakuisha, na bado wana mwami wao Bunkeya mpaka leo, lakini uamuzi juu ya shaba ulihamia Ulaya.

Mpande wa kiwandani

Risasi haikutosha kuondoa thamani ya mpande. Kilichoiondoa ni wingi.

Wafanyabiashara wa kigeni walipoona jinsi watu wa bara wanavyolithamini gamba hilo, walianza kutengeneza mfano wake. Wareno walileta vya udongo mweupe wa kuchoma, kama ule wa vikombe vya chai. Baadaye viwanda vya Ulaya vilitoa vingi zaidi. Umbo lilikuwa lilelile, mzunguko ulichorwa juu, tundu lilikuwepo. Kilichokosekana ni safari. Gamba la kweli lilikuwa adimu kwa sababu ya kilometa zote lilizopita na mikono yote iliyolishika. La kiwandani lilitoka kwa maboksi.

Kisha zikaja pesa za serikali ya kikoloni, kodi na kazi za migodini. Alama mpya za mkubwa zikawa medali, kofia na barua yenye muhuri. Mpande ukabaki kwa waganga, kwa sherehe za jadi, na katika masanduku ya koo ambazo hazikutaka kusahau. Mingine ilichukuliwa ikapelekwa katika makumbusho ya Ulaya, ambako imewekwa kwenye kabati ikiwa na namba, mara nyingi bila jina la aliyeivaa.

Sumu iliyobaki baharini

Wakati sehemu ya juu ya gamba inasafiri kwenda bara, mnyama na sumu yake walibaki baharini. Watu wa visiwa walimjua na kumwogopa. Habari za zamani zaidi zinazojulikana sana kuhusu mtu aliyeuawa na konokono huyu ziliandikwa na Georg Rumphius, Mjerumani aliyefanya kazi na kampuni ya biashara ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon, Indonesia ya leo.

Rumphius mwenyewe alikuwa mtu wa misiba. Alipofuka macho mwaka 1670. Mwaka 1674 tetemeko la ardhi lilimuua mke wake na binti yake. Mwaka 1687 moto uliteketeza michoro yake. Aliendelea kufanya kazi kwa kusema huku wengine wakiandika. Alikufa mwaka 1702, na kitabu chake juu ya viumbe vya bahari kikatoka mwaka 1705. Humo alieleza habari ya mwanamke katika visiwa vya Banda aliyeokota konokono wa aina hii wakati wa kuvuta wavu, akamshika mkononi, akasikia mwasho kidogo, kisha akafa.

Mwanamke huyo alikuwa mtumwa. Jina lake halikuandikwa. Hivyo katika bara la Afrika gamba la konokono lilimnunua mtumwa, na katika visiwa vya Asia konokono mwenyewe alimuua mtumwa. Katika vitabu vyote viwili waliobaki na majina ni wengine.

Mwaka 1935, katika kisiwa cha Hayman huko Australia, kijana wa miaka 27 alimshika konokono wa aina ya Conus geographus, anayekula samaki, akaanza kumkwangua kwa kisu. Alichomwa kiganjani. Hakusikia maumivu makubwa. Baadaye midomo ikafa ganzi, macho yakaona giza, miguu ikakataa, akazimia. Alikufa baada ya saa chache. Daktari Hugo Flecker aliieleza habari hiyo kwa madaktari wenzake mwaka uliofuata. Mpaka leo hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hiyo. Kinachoweza kuokoa maisha ni kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka nguvu ya sumu iishe.

Konokono huyo yuko pia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Wenye ndugu waliohamia Dar es Salaam, Mombasa au pwani ya Msumbiji wanaweza kuwaambia neno moja rahisi: konokono wa bahari mwenye umbo la koni haokotwi kwa mkono, hata akiwa mzuri namna gani, na hawekwi mfukoni.

Mtafiti asiye na mashine

Sehemu ya mwisho ya historia hii inaanza na upungufu. Baldomero Olivera alizaliwa Manila, Ufilipino, mwaka 1941. Alisoma Marekani na kufanya utafiti mkubwa juu ya urithi wa viumbe. Aliporudi kwao mwishoni mwa miaka ya 1960, hakukuta mashine za kuendeleza kazi hiyo. Angeweza kukunja mikono. Badala yake alijiuliza ni kitu gani kilichopo kwao kwa wingi kinachoweza kuchunguzwa bila mashine ghali. Tangu utoto alikuwa akikusanya magamba ya bahari. Akachagua konokono mwenye sumu, akafanya kazi pamoja na Lourdes Cruz, mwanasayansi wa Ufilipino.

Baadaye Olivera alihamia chuo kikuu cha Utah, Marekani, na utafiti ukaendelea na wanafunzi. Mwanafunzi Craig Clark alipendekeza sumu igawanywe sehemu-sehemu na kila sehemu ijaribiwe katika ubongo wa panya. Ikaonekana kwamba sumu si kitu kimoja. Sehemu moja ililaza panya usingizi, nyingine ilimtetemesha, nyingine ilimfanya ajikune. Konokono mmoja alikuwa na duka zima la dawa ndani ya mwili mdogo. Kijana mwingine, Michael McIntosh, aliyekuwa ametoka tu sekondari, alitenga sehemu ya kutetemesha kutoka kwa Conus magus, konokono mdogo wa Ufilipino.

Sehemu hiyo ikawa mlango wa dawa. Inafunga njia ambayo mishipa ya fahamu hutumia kupeleka habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo. Dawa iliyotengenezwa kwa kuifuata inaitwa ziconotide, na iliruhusiwa Marekani mwezi wa 12 mwaka 2004. Inawasaidia wagonjwa wenye maumivu makali ya muda mrefu ambao mofini imeshindwa kuwatuliza, na haimfanyi mtu kuwa mtumwa wa dawa kama mofini inavyoweza. Si dawa rahisi. Inaingizwa kwa pampu karibu na uti wa mgongo, inaweza kuchanganya akili ya mgonjwa, na bei yake ni kubwa. Kwa mgonjwa wa kijijini bado iko mbali.

Hata hivyo jambo lenyewe ni kubwa. Kwa karne nyingi watu walikata gamba na kutupa habari ya mnyama. Waliona nguvu juu ya gamba, kumbe nguvu nyingine ilikuwa katika kile kilichotupwa. Na aliyeiona alikuwa mtu aliyerudi kwao mikono mitupu, akaangalia kilichokuwa pwani ya nchi yake.

Mpande uliobaki nyumbani

Katika vita vya miaka hii vitu vingi vya koo vimepotea. Nyumba zimechomwa, masanduku yamevunjwa, wazee wamefia njiani kabla ya kueleza. Familia iliyobaki na mpande, au na mzee anayeukumbuka, inaweza kufanya mambo machache yasiyohitaji pesa.

Kwanza, kumuuliza mzee ni nani aliuvaa, alikuwa mtawala wa wapi, na uliupataje ukoo huo. Pili, kuandika majibu katika daftari yenye tarehe, na kupiga picha kwa simu ya jirani kama ya nyumbani haipo. Tatu, kutofanya haraka ya kuuza kwa mnunuzi anayepita kambini. Mnunuzi huyo anajua bei ya huko anakokwenda, na mwenye njaa hajui. Hata ule wa udongo wa kiwandani una historia yake, na mzee aliyeuvaa hakuwa mtu wa uongo.

Waliouzwa kwa magamba mawili hawakuandikwa majina, na sasa hakuna wa kuulizwa. Wenye mpande wa jana bado wana wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao wako chini ya maturubai usiku huu. Daftari ya shule inatosha kuanzia.